Mbegu Nyeusi kwenye Sikio la Shani

Siku nilipochoka, Muganga Melkiori alikuwa amemshika mwanangu sikio kwa vidole viwili, kama mtu anayegeuza jani la mchicha kutafuta wadudu. Sikio la kushoto. Lilikuwa limevimba kuanzia juu hadi katikati, jekundu, linang'aa, na mikunjo yake yote ya ndani ilikuwa imepotea, limejaa kama andazi. Shani alikuwa na miaka minne. Hakulia. Alikuwa ananiangalia mimi tu, ananingoja. Muganga akabonyeza na kijiti chake, mtoto akaruka mapajani mwangu, na yeye akatabasamu. "Unaona, Mama Shani? Iko inaumia kwa sababu dawa iko inatumika. Tumuongezee moja hapa chini." Akanyoosha mkono bila kuniangalia ili nimpe mbegu, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu pale, kumpa mbegu. Nikampa trei nzima. Nilimtupia kifuani, mbegu, pamba, koleo, chupa ya alkoli, kila kitu, mbele ya watu kumi na moja waliokaa na sindano masikioni, nikamwambia neno ambalo sitaliandika hapa. Hakuna aliyesogea. Mtu mwenye sindano tano sikioni hasogei hovyo. Walinifuata kwa macho tu, taratibu, kama samaki wanavyokuangalia majini, nami nikambeba mwanangu nikapita katikati yao hadi nje kwenye jua.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu mwezi uliopita mama mkwe wangu alifariki, na Muganga Melkiori akaja msibani. Amezeeka, anakaa Gasenyi kwa mtoto wake, alitembea na fimbo. Alikaa na wanaume chini ya turubai, akala wali wa msiba kama wengine, halafu akaomba aitiwe Shani. Shani ni mama wa watu sasa. Alisimama mbele yake, na bila kuombwa akasogeza mtandio ili aone. Mzee aliangalia lile sikio muda mrefu. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe, na hasira niliyodhani imekwisha ilinipanda tena miguuni, tumboni, shingoni, ileile, haijapungua hata kidogo. Kisha ikashuka, nikabaki na yale mengine, na yale mengine ndiyo yaliyonikalisha hapa kuandika. Sitaeleza nimezaliwa wapi wala kwa nini niliacha shule nikiwa mwaka wa nne wa sekondari. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, wa vita, na chumba kimoja.

Chumba hicho kilikuwa Buyenzi, mtaa wetu wa mafundi wa magari, na zamani kilikuwa duka la vipuri. Rafu za chuma zilikuwa bado ukutani, na chini ya kila rafu mtu alikuwa ameandika kwa rangi jina la kipuri: rulmani, plaketi, mafuta ya breki. Kwenye rafu ya rulmani tulipanga makopo ya sindano. Kwenye rafu ya plaketi, pamba. Sakafu haikuacha kunuka oili hata tuliposugua na sabuni, na watu walisema harufu hiyo ndiyo inayowapa usingizi kabla hata ya sindano. Viti vilikuwa kumi na viwili, kila kimoja cha aina yake, vimetoka kwenye nyumba zetu. Asubuhi mwanga uliingia kupitia matundu ya bati, ukaanguka kwenye masikio ya watu, na vichwa vya sindano vikawaka, vidogo, kama umande kwenye utando wa buibui. Nje, mafundi walikuwa wanagonga mabodi ya magari. Ndani, hakuna aliyesema. Watu waliotoka mitaa ambayo mwaka ule haikuamkiana walikaa goti kwa goti, macho yamefungwa, midomo imelegea, na wengine walikoroma. Nilikuwa napita katikati yao na viatu mkononi. Siku nyingine milio ya silaha ilisikika juu milimani, mizito, mbali, na ungeona kope zikitetemeka chumba kizima kwa wakati mmoja, kisha zikatulia. Mpaka leo nikiota naota chumba hicho, na katika ndoto hakuna vita, kuna usingizi tu wa watu wengine, na mimi naulinda.

Aliyekianzisha alikuwa mwanamke wa Kichina, daktari, sisi tulimwita Madamu. Alikuwa mfupi, na nywele fupi zenye mvi, na Kiswahili alikuwa amekiokota kwa mafundi, kwa hiyo aliweza kukueleza matatizo ya ini lako kwa maneno ya sanduku la gia. Alinichukua nimsaidie kwa sababu nilisoma Kifaransa na kwa sababu mikono yangu, alisema, haina haraka. Hilo la pili halikuwa kweli, lakini nilimwamini. Saa sita tulikula naye ugali na ndagala zilizokaangwa kwa mawese, naye alileta mayai aliyoyapika na nyanya, ya chumvi na sukari kwa pamoja, na Shani aliyapenda kuliko chakula changu chochote. Ndagala tulizipata kwa Mama Furaha, Mkongomani aliyekimbia Uvira, ambaye alikuja kutibiwa moyo unaopiga mbio na akalipia kwa samaki.

Madamu alinifundisha hivi. Sikio ni mtoto aliyepinduka, kichwa chini, kama anavyokaa tumboni anapokaribia kutoka. Ndewe, pale tunapotobolewa kwa ajili ya vipuli, ndiyo kichwa. Kigongo kinachopanda katikati ya sikio ni uti wa mgongo. Juu, kigongo kinapogawanyika kama njia panda, ni nyonga na miguu. Na kwenye bakuli la sikio, karibu na tundu, vimelala viungo vya ndani: moyo katikati kabisa, mapafu yakiuzunguka, ini nyuma, figo juu, chini ya ukingo wa kigongo. Aliponionyesha mara ya kwanza nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Nilikuwa nimezaa, nilikuwa najua mtoto anavyokunjika. Kwa wiki kadhaa sikuweza kumtazama mtu usoni. Nilikuwa nikisalimiwa njiani naangalia mtoto aliyekunjika kila upande wa kichwa chake, wazee wenye vitoto vyenye nywele, wanajeshi kwenye kizuizi na vitoto vyao viwili chini ya kofia.

Ndani ya kijishimo cha pembetatu, juu, kuna nukta ambayo kwa lugha yao inaitwa Mlango wa Roho. Madamu alipoitafsiri hivyo, mama mkwe, aliyekuja na chai, aliweka birika chini. "Roho iko na mulango? Nani anafunga?"

"Mama, ni jina tu," nilisema.

"Jina ya nani? Roho iko kwa Mungu. Apana kuweka mulango mu sikio."

Mama Furaha alikuwa kitini na sindano zake, hakufungua macho. "Kama iko na mulango, ya kwangu walivunja kitasa kule Uvira. Mi naingiliwa na kila mutu. Choma sindano, Madamu, labda itafunga." Madamu alicheka mpaka akashika ukuta, na mama mkwe, ambaye hakutaka kucheka, alimimina chai pembeni ya kikombe.

Lakini kazi yenyewe haikuwa kujua majina ya nukta. Ramani ya sikio ilibandikwa ukutani, mtu yeyote angeweza kuisoma. Madamu alinikataza kuiangalia mgonjwa akiwa amekaa. Alikuwa akinishika kidevu na kunigeuza. Kwanza uangalie sikio lenyewe: rangi, mshipa uliojitokeza, mahali panapochubuka kama ukurutu. Kisha uulize, lakini uulize vizuri. Watu watatu wanasema hawalali, na hawana ugonjwa mmoja. Huyu akilala anasikia moyo unagonga mto, usingizi hauji. Yeye tafuta moyoni. Huyu analala vizuri halafu anaamka kabla ya alfajiri amekunja ngumi, na hakumbuki amemkasirikia nani. Yeye ni ini. Huyu anajigeuza tu, anawaza kesho watoto watakula nini, na tumbo limejaa gesi. Yeye tafuta tumbo na wengu. Ukishajua pa kwenda, unachukua kijiti chenye kichwa butu na unapita pole pole, ukikandamiza kwa nguvu ileile kila mahali, na huangalii sikio tena, unaangalia jicho. Nukta inayotakiwa inauma kuliko jirani zake. Kope itakuambia kabla ya mwenyewe kujua. "Mdomo unadanganya," alisema Madamu, "watu hapa wanadanganya kwa heshima. Ukiuliza inauma, wanasema apana, asante." Ukiipata, unafuta na alkoli, unangoja ikauke, unafuta tena, unachoma. Nukta tatu, nne, tano kwa mkaidi. Nusu saa. Wiki hii sikio la kulia, wiki ijayo la kushoto, ili kila moja lipumzike.

Kwa watoto, sindano hapana. Mtoto anawekewa mbegu. Zilikuwa mbegu nyeusi kutoka kwao, za mviringo kabisa, kubwa kidogo kuliko za mchicha, laini kama zimepakwa mafuta. Unakata sparadra, ile plasta ya kubandika, kipande cha mraba kama ukucha wa kidole kidogo, unaibandika mbegu katikati, unaibandika juu ya nukta, na mama anaibonyeza kwa kidole mara chache kwa siku. Mpaka apepese jicho, usiende zaidi. Siku mbili, unatoa.

Shani alikuwa ameacha kulala tangu wiki ile ya milio mikubwa upande wa juu. Alikuwa anakaa kitandani wima, anasaga meno, anauliza kama mlango umefungwa. Unamwambia umefungwa. Baada ya muda anauliza tena. Baba yake alimwonyesha kitasa, akamwachia ashike ufunguo, akalala nao, akaamka kuuliza. Mimi sikuwa mama mvumilivu, nasema kama ilivyo, kuna siku nilimtikisa. Madamu alimkalisha mapajani, akampa yai, akapita na kijiti sikio la kulia, na kope ya Shani ikapepesa mara mbili, kwenye moyo na kwenye ule Mlango. Mbegu mbili tu. Saa nane ile, mchana wa joto, alilala kwenye mkeka nyuma ya viti vya wagonjwa, akalala mpaka adhana ya alasiri ikapita, mpaka mafundi wakafunga, na mimi nilikaa karibu naye nisiweze kufanya kazi, nasikiliza pumzi yake ikishuka, ikipanda. Mama mkwe alikuja kuchungulia. Hakusema kitu kuhusu milango. Alivua mtandio wake akamfunika miguu.

Halafu nchi za jirani zikatufungia mipaka, ndege zikapungua, na Madamu akaitwa kwao. Aliacha daftari lake, Kifaransa chenye michoro, na kopo moja la mbegu. Daftari alinipa mimi. Chumba alimwachia Muganga Melkiori, muuguzi wa Ngagara, mmoja wa mitaa ile isiyoamkiana, aliyekuwa amejifunza naye kabla yangu, mtu mpole, Mkristo, mwenye shati lililopigwa pasi hata wakati ambao makaa yalikuwa anasa. Petroli ikakosekana. Basi ndogo za Ngagara zikasimama, akawa anakuja kwa miguu, kila asubuhi, akipita vizuizi, na hilo lazima niliseme kwa sababu lilihitaji moyo. Buyenzi ikanyamaza. Sikuwahi kujua kwamba kugonga bati ni sauti ya amani mpaka ilipokoma. Mafundi walikaa kwenye mabodi ya magari wakicheza karata, mume wangu kati yao, na tulikunywa chai bila sukari tukijifanya ndivyo tunavyoipenda. Na watu walizidi kuja chumbani. Kumi na wawili wakawa ishirini, wakawa thelathini, wakangoja kwenye kibaraza zamu kwa zamu.

Hapo ndipo Muganga alipoanza kufupisha. Aliacha kuuliza. Aliacha kijiti, isipokuwa pale alipotaka kuonekana. Alichagua nukta tano kutoka kwenye ramani na akawachoma wote hizo tano, mstari mzima, kama chanjo. "Woga ni mumoja," aliniambia. "Kila mutu mu iyi nchi iko na ugonjwa mumoja. Dawa yake ni moja." Nilimwambia Madamu hakutufundisha hivyo. Akasema Madamu hakuwa na watu thelathini. Na kweli wengi walilala. Nilinyamaza, kwa sababu walilala. Lakini Mama Furaha alirudi akasema moyo wake umeanza mbio tena. "Ananichoma kama anapanda viazi," alisema. "Ile mwanamuke alikuwa ananitafuta. Huyu ananipita tu."

Mbegu zilikwisha mwezi wa pili baada ya Madamu kuondoka. Kopo likawa na vumbi tu. Muganga alikaa amelishika, akaligeuza juu chini, na akasema watoto tuwaambie matibabu yamekwisha. Walikuwa labda saba, pamoja na Shani, ambaye alikuwa amefanya mazoea ya kulala na sasa alikuwa anaogopa kulala bila mbegu. Mimi nilienda nyumbani kuangalia maharage. Kwenye jiko la mama mkwe, nyuma ya chumvi, kulikuwa na chupa ya habasoda. Kila nyumba ya Buyenzi ilikuwa nayo. Tunaitafuna kwa kikohozi, tunaikamua mafuta kwa mgongo, tunaiweka kwenye asali, na tangu utotoni tunaambiwa Mtume aliisifu. Nyeusi. Ndogo. Nilisimama nayo mkononi na furaha ilinipanda kama mtu aliyepata ufunguo uliopotea. Ukiniuliza leo nilifikiri nini, nilifikiri kwamba ile mbegu ya Kichina ilikuwa na dawa ndani yake, inayopita kwenye ngozi, na kwamba yetu ina dawa zaidi. Mtu wa mji mwingine asingewaza hivyo. Angewaza kitu kingine cha kijinga, lakini si hicho.

"Mama, naomba kiganja kimoja," nilimwambia mama mkwe.

"Ya nini?"

"Ya masikio ya watoto."

Akaifikiria, na nikaona imempendeza. "Sasa mumepata akili. Chukua chupa muzima. Na useme bismillahi ukiweka, hata kama yule Muganga hasemi." Muganga mwenyewe alisita dakika moja. Alizimimina kwenye kiganja, akanusa. Kisha akaniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mwanafunzi asiyetarajiwa. "Mama Shani, we uko na kichwa," alisema. Nililala na sifa hiyo kama na nguo mpya.

Habasoda si ya mviringo. Ichukue moja uiangalie: ina kona, ina ncha, ni kama jiwe dogo lililochongwa vibaya. Ukiibana kwenye gegedu la mtoto kwa sparadra na ukaibonyeza mara tano kwa siku, inachimba. Na sparadra ilikuwa haba, kwa hiyo Muganga aliamua zikae siku saba badala ya mbili. Joto la bondeni, jasho, vidole vya watoto. Wiki ya kwanza Shani alilala vizuri. Wiki ya pili nilioga naye na nikaona wekundu kuzunguka sparadra. Nikampeleka. "Ni damu inakuja kufanya kazi," alisema Muganga. Siku mbili baadaye sikio lilikuwa la moto, nikamwambia toa. Akasema tukitoa katikati tunaharibu, tungoje siku saba zitimie, na kwamba mama huwa na woga, ndiyo maana watoto wanakuwa na woga. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti, mbele ya watu. Nilirudi mahali pangu na trei. Nataka hili lieleweke. Ningeweza kuzitoa mwenyewe, mikono yangu ilikuwa na koleo siku nzima. Nilingoja ruhusa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na yeye alikuwa na shati la pasi. Siku ya tatu ndiyo siku ya trei.

Hospitalini walimchana kutoa usaha na wakampiga sindano kwa siku kumi na mbili. Daktari, mwanaume mchovu, alinieleza kwamba sehemu ya juu ya sikio ni gegedu, damu haifiki vizuri, usaha ukishaingia gegedu linaoza na halioti tena. Ndewe itabaki. "Utaweza kumuvalisha vipuli," alisema, na alidhani ananifariji. Nilikaa kwenye benchi la korido, mchana baada ya mchana, Shani kichwa chake chenye bandeji mapajani mwangu, dirisha limejaa mwanga wa ziwa, na kila kitu kilikuwa mbali na cheupe, manesi wakipita kama wanaelea. Nilikuwa nimechukua daftari la Madamu ili nipate ushahidi. Nilitaka kupata pale alipoandika siku mbili, ili nimwonyeshe Muganga mistari. Nikaipata. Na chini yake, katika ukurasa uleule, niliokuwa nimemsomea Muganga kwa sauti wiki ya kwanza Madamu alipoondoka na kuukatiza kwa sababu maharage yalikuwa motoni, kulikuwa na mistari miwili zaidi. Mbegu haina dawa. Kinachotibu ni uduara wake na kidole. Ikikosekana, tumia kitu chochote laini na cha mviringo, hata shanga, na kamwe usitumie chenye kona.

Niliusoma mara nyingi. Shani alilala. Hasira yangu ilikuwa bado hapo, yote, ila sasa ilikuwa na watu wawili wa kugawana.

Muganga alikuja na parachichi ndani ya mfuko wa karatasi. Alisimama mbali kidogo, kama mtu aliye kwenye mstari wa posta. Nilimwambia nitaandika kwa ofisi ya afya ya komini, serikali ya mtaa. Alikuwa amekonda. "Andika," alisema. "Mutoto ni wako. Lakini we unajua karatasi inafanya nini mwaka huu. Jina ya mutu wa Ngagara, imetoka Buyenzi. Wataisoma wengine kabla ya ule unaemuandikia." Nilijua. Mwaka ule mtu alikuwa akiandikwa jina, asubuhi yake hayupo, na hakuna aliyeuliza karatasi ilisema nini. Nyumbani mama mkwe alinishika mkono. "Usiandike, mwanangu. Watafunga chumba. Watu watalala wapi? Mungu anajua." Nilimwambia Mungu anajua, lakini mkuu wa afya hajui. Na nikamwambia kwamba kuna watoto sita wengine na habasoda yake masikioni. Akakaa chini. Kisha alienda kunitafutia kalamu.

Usiku huo sikuandika, wala kesho yake. Niliandika Ijumaa, watu wakiwa msikitini na mtaa umetulia, kwa Kifaransa cha shule, mara nne, nikichana tatu. Ugumu haukuwa Kifaransa. Ugumu ulikuwa kuandika jina lake kwa namna ambayo mtu mbaya hawezi kulitumia, na bado liwepo. Karani wa komini aliisoma akiwa amesimama, akarudi mstari wa kwanza, akaisoma tena.

"Sasa, mama, unashitaki nani? Yeye ao we?"

"Wote wawili."

"Hatuna fishi ya kujaza kesi ya vile."

"Basi piga muhuri kwenye hii."

Alinitazama, akatazama bandeji ya Shani, akapuliza muhuri kwa pumzi ili wino ulainike, akapiga. Nakala yangu ninayo. Naiweka hapa kwa Kiswahili, bila kuongeza.

*Bwana Mkuu wa afya,*

*Mimi Zainabu, mkazi wa Buyenzi, msaidizi katika chumba cha sindano za masikio, nashitaki chumba hicho kwa ajili ya sikio la kushoto la binti yangu Shani, miaka minne.*

*Bwana Melkiori, muuguzi, alimwekea mtoto mbegu kwa kufuata ramani, bila kutafuta nukta. Aliziacha siku saba pale alipofundishwa siku mbili. Nilimwonyesha wekundu mara mbili, akakataa kuzitoa. Aliyafanya haya kwa haraka na kwa uchovu. Hakuyafanya kwa chuki, na atakayesoma barua hii akakuta chuki ndani yake, ameileta mwenyewe.*

*Mbegu hazikuwa za masikio. Zilikuwa habasoda. Nilizileta mimi, na wazo lilikuwa langu. Maagizo yanayokataza nilikuwa nayo mkononi kwa maandishi, na sikuyasoma hadi mwisho.*

*Naomba asiwekwe mtoto mwingine kitu chochote sikioni mpaka apatikane mtu wa kutufundisha upya, yeye na mimi. Naomba watoto wote waliowekewa habasoda waangaliwe wiki hii. Ni sita. Majina nayajua kwa kichwa na sitayaandika kwenye karatasi. Nipeni muuguzi, nitatembea naye nyumba kwa nyumba. Naomba chumba kisifungwe kwa watu wazima. Wako wasiolala mahali pengine.*

*Kama kuna adhabu, ni ya watu wawili. Asipewe mmoja yote.*

*Mtoto anasikia. Sikio halitarudi lilivyokuwa.*

*Zainabu, mama yake.*